Bloku ya wiki 8 leba au kufuata wagonjwa mwaka mzima? Mliopita naombeni msaada, fomu inarudi ijumaa

Kalamu_Mwaka4

Wakuu habari za humu. Nna fomu mkononi tangu jumatatu, nimeshatiki na kufuta mara tatu mpaka karatasi inataka kutoboka.

Iko hivi. Mwakani tunaingia uzazi na magonjwa ya wanawake na safari hii idara imesema tuchague wenyewe tutasoma kwa mtindo gani. Wa kwanza ni ule wa miaka yote, bloku, wiki 8 mfululizo, unalala leba unaamka leba, katikati wodi na thieta na kliniki kidogo, unapiga mtihani unahamia watoto na hurudi tena. Wa pili wanauita jumuishi, yaani mwaka mzima uko na idara zote kwa mpigo, upande wa wanawake unapata nusu siku ya kliniki kila wiki, halafu unakabidhiwa wajawazito 5 tangu mimba ikiwa changa, unakuwepo kila hudhurio, uchungu ukianza unapigiwa simu unaacha ulichoshika unaenda, na unawaona tena wiki 6 baada ya kujifungua. Wote, uwe bloku uwe jumuishi, tunaanzia wiki 1 kwenye lab ya madoli ya kujifunzia kuzalisha.

Mtihani ni uleule kwa wote, wa stesheni, yaani unazunguka meza hadi meza unafanya kazi tofauti kila moja, na logibuku, daftari la kusainiwa ulichofanya, ni ileile, inataka uwe umezalisha 10 chini ya usimamizi.

Hofu zangu ni mbili. Ya kwanza hesabu: wajawazito 5 hata wote nikiwawahi bado 10 haifiki, hao wengine nawatoa wapi? Ya pili mi ni mwanaume, na mwaka jana tulipopita kliniki siku mbili tatu nilitolewa nje ya pazia karibu kila mara, nikabaki naangalia bango la uzazi wa mpango ukutani mpaka nikalikariri. Sasa wiki 8 za kutolewa nje si ntamaliza sijui kitu?

Mliopita mfumo wowote kati ya hii naombeni mnipe ukweli, si ule wa kwenye kijitabu cha chuo.

ZamuYaUsiku

Mkuu chukua bloku. Ubaya wake nakuandikia chini huko, soma mpaka mwisho usije ukanilaumu.

Leba haifundishiki kwa nusu siku. Mi wiki ya kwanza nilikuwa nguzo, nimesimama kwenye kona nimekumbatia faili nakwepa watu wanaofanya kazi, kila nikipima njia ya uzazi imefunguka kiasi gani nasema sentimita 4, mkunga anapima nyuma yangu anasema 7, kesho yake hivyohivyo, ikafika mahali naogopa hata kutaja namba. Wiki ya tatu usiku mmoja mkunga wa zamu akaniambia leo hupimi mtu, vuta stuli kaa na huyu mama. Nikakaa. Mkono juu ya tumbo, nahesabu ndani ya dakika 10 uchungu unakuja mara ngapi na unakaa sekunde ngapi, nasikiliza mapigo ya mtoto, naandika, namfuta jasho, nahesabu tena. Kufika saa tisa usiku nikamwambia sista naona huyu kabadilika, alikuwa analalamika kwa sauti ya juu sasa anaguna chini chini kama mtu ananyanyua gunia, na vidole vya miguu kavikunja. Akasema haya pima. Nikapima, njia imekwisha yote, sigusi ukingo popote. Dakika 20 mtoto yuko kifuani kwa mama yake.

Toka usiku ule namba zangu zikaanza kufanana na za wakunga, na sababu si vidole vyangu, ni kwamba nilikuwa nimeshajua jibu kabla ya kuvaa glavu. Hiyo kitu huipati jumatano saa nane mchana kwenye nusu siku ya kliniki, unaipata kwa sababu uko pale saa tisa usiku na huna pa kwenda.

(Kwa mabano tu, mi nilisoma na patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, ya zamani ambayo uchungu kamili ulihesabiwa kuanzia sentimita 4, mwongozo mpya wa WHO wa 2020 unaanzia 5, kwa hiyo ukikuta daktari mzee na mkunga kijana wanabishana juu ya mama wa 4 usishangae, wote wamesoma.)

Haya ubaya. Kwenye ile bloku nimeshona msamba wa wanawake 6 na sijui hata mmoja alipona vipi. Asubuhi nakabidhi zamu, jioni nikirudi wameruhusiwa kwenda nyumbani. Mara ya kwanza kukutana na mshono wa wiki 6 nilikuwa intern tayari, yaani nimemaliza chuo niko mafunzo kazini, mama ananiambia tangu ajifungue hajawahi kukaa vizuri kwenye kiti, naangalia pale naona nyuzi zimekazwa kupita kiasi na ngozi imeungana pasipotakiwa, nikawa najiuliza na wale 6 wangu je. Hakuna mtu aliyewahi kunirudishia jibu.

La pili ulizia mtakuwa wangapi. Sisi tulikuwa wanafunzi wa udaktari 8, wanafunzi wa ukunga 6, maintern 3 na marezidenti (madaktari wanaosomea ubingwa) juu yetu wote, mtoto mmoja anatoka anagombaniwa na mikono minne. Nilimaliza na 14. Mwenzangu wa bloku iliyofuata alimaliza na 5 akaomba kurudi wakati wa likizo. Bloku ileile, hospitali ileile.

KitandaNamba6

Jumuishi ni ya watu wenye usafiri wao na simu isiyoishiwa chaji. Bloku. Nimemaliza.

Hudhurio

KitandaNamba6 umenichekesha ila simu kweli iliniua, nililala nayo masikioni miezi minane kama mtu anayesubiri posa ijibiwe.

Mi nimepita jumuishi, na nianze kwa kusema si majaribio ya juzi. Chuo kikuu cha Minnesota kule Marekani kimekuwa kikipeleka wanafunzi vijijini kwa miezi 9 mfululizo toka 1971, Flinders ya Australia wakaanza ya kwao 1997, Harvard wakaleta ya mjini kwenye hospitali ya Cambridge, hukohuko Marekani, 2004. Wale wa Flinders walipolinganisha alama, matokeo yalitoka 2004, waliosomea vijijini kwa mtindo huu walifanya mtihani vizuri kuliko wenzao waliobaki hospitali kuu, japo lazima tuseme na hili, walioenda ni waliotaka wenyewe kwenda, na mtu anayejitolea kwenda kijijini mwaka mzima si mwanafunzi wa wastani. Kwa hiyo mi siwezi kukuambia utafaulu zaidi. Ninachojua hutafeli kwa sababu ya mfumo.

Ngoja nikupe kisa kimoja ndio utaelewa unachokwenda kukipata.

Nilikuwa na mama, mimba ya pili, nimempokea wiki ya 14. Kila hudhurio napima kimo cha tumbo kwa futi kamba naandika mwenyewe kwenye kadi yake. Wiki ya 28 sentimita 27, safi. Wiki ya 32 nikapata 29, nikasema mmh, labda mkono wangu. Wiki ya 34 nikapata 29 tena. Nikarudia. 29. Unajua kimo kinatakiwa kwenda sambamba na wiki, tofauti ya 2 juu au chini watu wanaivumilia, hii ni 5. Na siku ile kliniki ilikuwa imefurika, mama anajisikia vizuri, mtoto anacheza, presha kwa macho iko kawaida lakini nikiangalia nyuma naona imepanda kidogokidogo kila hudhurio. Daktari aliyekuwa zamu alikuwa anamuona kwa mara ya kwanza, angeona kadi yenye namba tu. Mi zile namba nilikuwa nazikumbuka na siku zake, na hiyo 29 ya kwanza nakumbuka nilivyojidanganya. Nikaomba utrasaundi, mtoto kweli amedumaa, wakamfuatilia kwa karibu, wakamuanzishia uchungu wiki ya 37. Mtoto mdogo ila mzima.

Kwenye bloku ningemkuta wapi yule? Ningemkuta leba wiki ya 37, kwenye raundi, "mama wa mimba ya pili, ameanzishiwa uchungu kwa sababu mtoto hakui", naandika kwenye daftari naenda kitanda kinachofuata. Mtindo huu unakuonyesha ugonjwa ukiwa bado hauna jina.

Sasa na mi niseme ubaya. Kati ya 5 wangu nilizalisha 3. Mmoja alijifungua nikiwa ndani ya chumba cha mtihani wa watoto na simu iko mezani kwa msimamizi, mwingine alifika hospitali anasukuma, nikakuta anakunywa chai. Na dharura karibu sikuziona, wajawazito wachache unaowafuata kwa neema ya Mungu wengi wanakwenda salama, kwa hiyo bega kukwama, kifafa cha mimba, kondo kung'ang'ania, nilikuwa navisoma tu. Na miezi mitatu ya kwanza unajiona mjinga idara zote kwa pamoja, mwenzako wa bloku wiki ya sita anatamba leba wewe bado unauliza choo kiko wapi.

Kilichoniokoa ni wiki 2 za zamu za usiku tupu nilizoomba mwenyewe mwezi wa nane, bila kliniki wala darasa. Nilizalisha 9 kwenye hizo wiki 2, na unaingia ukiwa umeshazoea kuongea na wanawake kwa hiyo wakunga wanakupokea vizuri. Kabla hujatiki fomu kawaulize kama hizo wiki wanazitoa. Wakisema hapana, mi mwenyewe ningerudi bloku.

MkungaMstaafu

Mwanangu Kalamu, nimezalisha na nimefundisha kuzalisha, nyote mnabishana bloku na jumuishi na hakuna aliyegusa ile wiki 1 ya madoli, kama vile ni ya kupitisha muda.

Doli la kuzalishia lina umri kuliko stethoskopu. Miaka ya 1700 Ufaransa alikuwepo mkunga anaitwa du Coudray, mfalme Louis wa 15 akampa kibali 1759 azunguke nchi nzima kufundisha, naye akatembea na nyonga ya kitambaa na ngozi na kitoto chake cha kitambaa ndani. Alishagundua kwamba hauwezi kumfundisha mtu kumgeuza mtoto kwa maneno. Na hauwezi kumfundishia kwa mama anayekufa.

Kwenye dharura doli halina mbadala. Bega likikwama una dakika chache, hakuna mwalimu mwenye akili atakayempisha mwanafunzi pale ajaribu. Hospitali ya Southmead kule Bristol Uingereza walianza kuwafundisha watu wao wote kila mwaka kwa doli, wakaja kuhesabu: kabla ya mafunzo, watoto waliokwama bega 9.3% walitoka wameumia, baada ya mafunzo 2.3%, ilitoka 2008. Lakini sikiliza vizuri, walifundisha wote pamoja, wakunga na madaktari, ndani ya wodi yao wenyewe, kila mwaka. Si wiki moja ya mwanzo wa kozi halafu doli linarudishwa kabatini linafungiwa na ufunguo anao mtu aliye likizo. Kaulize kama lab iko wazi mwaka mzima. Ujuzi wa mkono unaota kutu haraka kuliko mnavyodhani.

Na kitu kimoja mi nilikuwa nakifanya na kila kundi. Nachanganya maji na rangi nyekundu na unga kidogo yawe mazito, namwaga sehemu sehemu, nyingine kwenye kanga, nyingine kwenye beseni, nyingine sakafuni, nyingine imelowa kwenye godoro na haionekani vizuri. Halafu nawaita mmoja mmoja, andika hapa amepoteza kiasi gani. Nimemwaga lita 1, wananiandikia mililita 400, 350, 500. Miaka yote. Na si wanafunzi tu, ulifanyika utafiti mkubwa wa hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania ukatoka 2023, kule ambako waliendelea kupima damu kwa macho walitambua karibu nusu tu ya waliokuwa wanavuja damu nyingi, kule walikowekewa mfuko wenye alama za vipimo chini ya mama walitambua zaidi ya 9 katika 10. Ukishajidanganya mara moja mbele ya beseni langu, siku ya kweli hutasema "ni kidogo".

Ila doli lina kasoro moja mbaya. Halisemi. Nimewaona wanafunzi wazuri kabisa wanaingiza vidole kwenye doli bila salamu wala kuomba, na kesho yake wanafanya hivyohivyo kwa mtu. Nikaacha kuliweka doli peke yake, namvalisha mkunga mwenzangu lile tumbo la bandia analala kitandani analia kweli kweli anamtukana mwanafunzi, ndipo mtoto wa watu anakumbuka kusema pole mama naitwa fulani. Kama lab yenu ina doli tupu, ombeni mtu alivae.

Bi_Pazia

Shikamoo mama MkungaMstaafu, hapo mwisho umegusa penyewe.

Kalamu mi nataka nikujibu lile la kutolewa nje maana naona wote wamelikwepa, na ni mwanamke na ni daktari wa wanawake kwa hiyo nimekaa pande zote za pazia.

Kwanza nikuulize, siku hizo ulizotolewa, nani aliomba ruhusa kwa mgonjwa? Nabashiri: daktari akiwa ameshashika spekulamu, kile kifaa cha kufungulia uke, mama ameshavua, amelala miguu juu, ndipo anaambiwa "huyu mwanafunzi atakuwepo, haina shida eh?" Hapo mwanamke ana mambo mawili tu, akubali kwa woga au akutoe. Aliyekutoa ndiye pekee aliyekuwa na nguvu ya kujibu ukweli. Ombi linafanyika akiwa amevaa nguo zake, amekaa, na ikiwezekana wewe mwenyewe ndiye unayeomba, unasema jina lako, unasema ni mwanafunzi, unasema utafanya nini hasa, na unasema akikataa huduma yake haibadiliki. Ukiomba hivyo utashangaa wangapi wanakubali. Na akikataa sema asante toka, usikae umenuna nje ya pazia kama umenyang'anywa kitu chako.

Mi nilisoma kwa bloku na siku moja iko bado inanitesa. Tuliingia thieta wanafunzi 4, mama ameshalala dawa ya usingizi, ana uvimbe kwenye kizazi, mkubwa wetu akasema pimeni mmoja mmoja muuhisi. Tukapima. Hakuna aliyemuuliza yule mama akiwa macho, hakuna aliyejua jina lake, na mimi mwanamke nilikuwa wa tatu kwenye foleni na nilifurahi kwamba nimeuhisi uvimbe. Nilikuja kupata akili baadaye nilipofanyiwa upasuaji mimi. Marekani ilifika aprili 2024 ndio serikali ikaziandikia hospitali kwamba kipimo cha namna hiyo cha kujifunzia kwa mtu aliye usingizini lazima kiwe na ridhaa yake ya maandishi, kwa hiyo hii haikuwa dhambi ya hospitali moja. Kalamu, kwenye bloku yenye watu wengi na haraka nyingi, hii ndiyo njia ya mkato inayokuja yenyewe. Siku ukiambiwa pima, uliza tu "ameridhia?" Uliza kwa upole lakini uliza.

Na kuna mtindo wa nne hamjautaja. Mwisho wa miaka ya 1960 kwenye chuo kikuu cha Iowa daktari mmoja alichoka kuona wanafunzi wanajifunza kupima njia kwa wagonjwa wanaoogopa kusema, akaanza kutumia mwanamke anayelipwa kwa kazi hiyo, na miaka ya 70 ikakua ikawa wanawake waliofunzwa kabisa wanaofundisha kwa miili yao wenyewe. Si mgonjwa, ni mwalimu. Analala pale anakuambia shusha mpini, unabonyeza mfupa, hapo hapo ndio kizazi, sasa umeniumiza rudi nyuma, usiseme "tulia" sema "nijulishe ukisikia maumivu". Nilipata kikao kimoja cha hivyo nikiwa rezidenti na saa 2 zile zilinifundisha kuliko bloku nzima, kwa sababu wagonjwa wote niliowapima kabla walikuwa wamekaza meno na kusema hamna shida daktari. Vyuo vingi havina kwa sababu ni gharama na kuwapata ni kazi. Ukisikia kipo kwenye mfumo mmoja na mwingine hakipo, mi ningechagua huo bila kuangalia kingine.

Na nyongeza. Wote juu hapo mmeongea mimba mimba mimba. Afya ya wanawake ni pamoja na mama wa miaka 52 anayeamka usiku amelowa jasho haelewi nini kinamtokea, anayevuja mkojo akikohoa na amenyamaza miaka 10, binti mwenye maumivu ya hedhi anayeambiwa ni kawaida, mtu anayetaka kutoa kitanzi. Hao hawalazwi, hawako leba, wako kliniki tu. Bloku ya kukaa leba wiki 5 kati ya 8 inakupa mkunga nusu na daktari wa wanawake robo. Hapa nipo na Hudhurio.

ZamuYaUsiku

Bi_Pazia nakubali yote isipokuwa hiyo robo, robo ni kubwa. Kwenye bloku yetu kliniki ya wanawake ilikuwa asubuhi 2 na moja ilikuwa sikukuu.

Kalamu_Mwaka4

Wakuu nimesoma yote mara mbili, mama MkungaMstaafu shikamoo, Bi_Pazia umenipiga kofi ila nimelipokea, ni kweli siku zile hakuna hata mgonjwa mmoja aliyejua jina langu, nilikuwa "huyu".

Leo nimeenda idarani nikawauliza maswali yenu. Majibu niliyopata: wiki 2 za usiku kwa wa jumuishi zipo lakini uombe mwenyewe kwa barua na wanapokea 4 tu kwa mwezi. Lab ya madoli inafunguliwa alhamisi jioni mwaka mzima ila katibu akanong'ona huwa hakuna anayekuja. Wanawake walimu hawapo mfumo wowote. Nikauliza nani anasaini logibuku kwenye jumuishi, wakasema daktari mmoja huyohuyo mwaka mzima, kwenye bloku anasaini yeyote aliye zamu. Nikauliza na huyo anayesaini anakuwepo kweli unapopima au anasaini mwisho wa wiki? Hapo wakaangaliana.

Nimetiki jumuishi. Barua ya zile wiki 2 nimeshaandika na nimeomba mwezi wa saba, maana nikisubiri wa nane nafasi 4 zitakuwa zimekwisha. Swali la mwisho tu, Hudhurio, siku ya mtihani simu unamuachia nani? Maana nisije na mimi nikamkuta mama anakunywa chai.

Hudhurio

Muachie mwenzako wa jumuishi ambaye mtihani wake si siku hiyo, na mwambie mama mapema, jumanne simu yangu itapokelewa na fulani, ndiye atakuja, ni mtu mzuri. Kama anaweza mlete amuone hudhurio moja kabla. Mi sikufanya hivyo ndio maana yule wa siku ya mtihani nilimkosa. Kuna mama mmoja wa mwenzangu nilimpokea mimi kwa mtindo huo, na mpaka leo anajua ana madaktari wawili.

MkungaMstaafu

Marahaba mwanangu. Hiyo alhamisi jioni nenda, hata ukiwa peke yako nenda, na ukimkuta mkunga yeyote amekaa bure mwambie alivae lile tumbo.

Na kabla hujaanza zile wiki 2 za usiku tafuta saa yenye mshale wa sekunde, ya kubandika kifuani si ya mkononi, huwezi kuhesabu mapigo ya mtoto huku unawasha simu kwa mkono wenye glavu. Kata kucha.